Ng'ambo Mbili za Mellen

Mellen Mirumbe alikuwa na kanuni moja, na soko zima la Kegonga liliijua: aliyechangia harusi lazima ale kwenye harusi hiyo. Si kuletewa kipande cha keki kilichofungwa kwa karatasi siku ya pili. Aketi, anawe mikono, ale, na akitaka kuongezwa aongezwe.

Kanuni hiyo ilikuwa na chanzo. Miaka kadhaa iliyopita, tajiri mmoja wa huku kwetu aliitisha mchango wa harusi ya binti yake, kisha akaifanyia Nairobi, kwenye bustani yenye askari getini. Priscah, mjane anayeuza ndizi sokoni, alikuwa ametoa mbuzi. Baadaye alionyeshwa picha za harusi kwenye simu. Alizitazama moja moja, akaisogeza simu karibu na macho, akauliza, "Na mbuzi wangu ni yupi hapa?"

Watu walicheka. Mellen hakucheka. Tangu siku hiyo, kila alipochaguliwa mweka hazina wa kamati ya harusi, na alichaguliwa karibu kila mara, swali lake la kwanza lilikuwa hilo: watakula wapi?

Namna yake ya kupanga bajeti ilinishangaza tangu nilipoiona mara ya kwanza. Wengine huanza na pesa zilizopo. Yeye huanza na midomo. Hupita kijiji kichwani mwake, nyumba kwa nyumba, kutoka kanisani kuteremka hadi mtoni, akikumbuka ni nani hali nyama, nani hula kama anayehama, na nani atakuja na wajukuu bila kualikwa. Mwishoni hutaja sufuria ngapi zitahitajika. Shilingi hutafutwa nyuma ya sufuria. Nilimuuliza kwa nini hafuati utaratibu wa kawaida. Akanijibu, "Pesa hazilii zikikosa chakula. Watu hulia."

Basi ikafika zamu ya nyumba yake mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Cliff, anafanya kazi hotelini Doha, na huko alikutana na Liz, msichana wa Homa Bay. Walikubaliana kuoana wakati wa likizo yao fupi. Cliff alimpigia mama yake simu, laini ikikatika kila baada ya maneno machache.

"Mama, harusi tumeamua kuifanyia ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Tanzania, Mama."

"Tanzania! Umefanya vizuri sana, mwanangu."

Cliff na Liz walikuwa wamejiandaa wiki nzima kwa ugomvi ambao haukutokea.

"Kweli hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Kuna maji?"

"Maji tele, Mama. Hoteli iko kando ya maji kabisa."

"Basi hatutabeba mitungi. Watu wangapi?"

"Wachache tu. Kama thelathini hivi."

Mellen alicheka hadi akakohoa. "Thelathini ni wa kuosha vyombo, Cliff! Niachie mimi upande huu."

Msomaji wa kwingine huenda haoni kosa lilikoingia, kwa hiyo nalieleza. Kwetu Kuria, neno ng'ambo lina maana moja, nayo ni upande wa pili wa mpaka wa Kenya na Tanzania. Ng'ambo ni shamba la mjomba. Ng'ambo ndiko sukari inakotoka ikiwa rahisi, na ndiko mahindi yetu yanakokwenda yakiwa mengi. Ukifika Ntimaru, pale mpakani, unavuka na kuku kwapani kwenda kumsalimu mgonjwa, na jioni uko nyumbani. Dada yake Mellen ameolewa huko, kwenye boma lenye uwanja mpana na kisima. Mellen aliposikia Tanzania na maji, aliliona boma la dada yake. Hoteli alidhani ni mahali watakapolala wageni wa Doha.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatangaza: harusi ya Cliff ni ng'ambo, tarehe fulani, na kila atakayechanga atakula. Watu wakachanga kuliko walivyowahi kuchanga. Walikuwa wakimlipa miaka yote aliyowalindia harusi zao. Abdi, mwenye duka la jumla, alitoa magunia ya mchele kwa sharti moja tu.

"Mama Cliff, ng'ombe nichinje mimi. La sivyo mimi na watu wangu tutakula mchele mkavu kama kuku."

"Utachinja, Abdi. Na utashika miguu pia, usifikiri ni kisu tu."

Priscah alileta mbuzi. Baada ya yale ya Nairobi alikuwa ameapa kutotoa mbuzi tena kwa harusi ya mtu. Alimkabidhi Mellen kamba, akasema, "Huyu namtoa kwa sababu ni wewe."

Ukweli ulijulikana kupitia kwa Roselyn, mama yake Liz, aliyepiga simu kutoka Homa Bay kumjulia hali Mellen, ambaye kwa Kijaluo alimwita Min Cliff, yaani Mama Cliff.

"Min Cliff, wewe umepata pasipoti? Mimi yangu bado."

"Pasipoti ya nini?"

"Ya kuvuka, si ya nini!"

"Dada yangu, sisi huku huvuka na gunia la mahindi kichwani. Nani atakuuliza pasipoti kwa harusi?"

"Min Cliff. Kwani Zanzibar kuna mtu anaenda na mahindi kichwani?"

Mellen akauliza taratibu, "Zanzibar imeingiaje hapa?"

Usiku huo Cliff alimsomea bajeti yake kwenye simu, na huo ndio ukawa msiba wenyewe. Yeye na Liz walikuwa wamelipia hoteli, mapambo, mpiga picha na chakula cha watu thelathini. Pesa hizo hazikuwa za kurudishwa. Kutoka Zanzibar wangerudi moja kwa moja kazini Doha. Nauli ya wazazi na malazi yao, waliandika, vitatoka kwenye mchango wa nyumbani.

"Si ulisema nikuachie upande huo?" Mellen akauliza.

"Ndiyo maana, Mama. Si mmechangisha?"

"Tumechangisha chakula."

"Pesa ni pesa, Mama."

"Hapana," akasema Mellen. "Hizi ni za kula."

Kuzirudisha hakungewezekana. Kwetu, kumrudishia mtu mchango wa harusi ni kumtangazia kwamba harusi imekufa, na hakuna mama atakayelitamka hilo juu ya mwanawe. Palibaki njia mbili. Mchango ungetosha kuwapeleka Mellen na mumewe Zablon wakamwone Cliff akioa, au ungetosha kulisha watu waliouchanga. Haukutosha yote mawili.

Kamati ilikutana nyumbani kwake, na hapo nilikuwepo. Nilitarajia manung'uniko. Badala yake, wote walimsihi aende.

"Mchele wangu nitauchukua kimyakimya, niuze, nikuletee pesa," Abdi alisema. "Mchele haupandi ndege, lakini wewe unaweza."

"Na mimi nakuachia," Priscah akasema. "Uza mbuzi, nenda ukamwone mtoto."

Mellen alimgeukia. "Unaniachia kwa sababu nakutazama. Nikiwa huko juu mawinguni utauliza mbuzi wako ni yupi."

Watu wakaangua kicheko, na Priscah mwenyewe akacheka akijipangusa macho. "Nitauliza, Mama Cliff. Mungu ananiona, nitauliza."

"Basi."

Neno hilo moja lilifunga mkutano. Nilibaki nyuma nikamuuliza kwa nini asikubali, ikiwa wenye mali wenyewe wameridhia. Nilitaka kujua kweli, maana kwa sheria yoyote niijuayo, mwenye haki akiiacha, deni limekwisha. "Wale walio hapa wameniachia," akasema. "Na wale waliotoa hamsini hamsini kanisani, ambao hawakuitwa kwenye mkutano?"

Vijana wa siku hizi hutumia mitandao kuchangisha watu wasiowajua kwa sherehe ambazo watu hao hawataziona, na hawasumbuki hata kidogo. Sisemi Zanzibar ni dhambi. Mtu akienda kuoa kwa pesa zake hata Ulaya, na aende. Lakini mkono uliotoa una mdomo wake, na mtu mwadilifu huuliza mdomo huo utakula wapi.

Zablon ni mtu wa maneno machache. Alimuuza mtamba wake, akapata pesa za pasipoti na nauli ya mtu mmoja. Ng'ombe waliobaki walikuwa wa kulimia, na msimu ulikuwa umefika.

"Nenda wewe," alimwambia mkewe. "Mimi nitapika."

"Wewe utapika? Watu hawa wamenikosea nini?" Mellen akamjibu. "Mtoto huulizwa baba yake yuko wapi. Nenda wewe."

Siku ya harusi, watu wa Kegonga walivuka kwa miguu na kwa pikipiki, wakiwa wamevaa vizuri, hadi kwenye boma la dada yake Mellen. Abdi alichinja, na miguu alishika. Sufuria zilikuwa zile zile alizotaja Mellen, na hakuna iliyopungua. Priscah aliongezwa nyama ya mbuzi mara mbili, akatangaza kwa sauti kwamba sasa amemtambua.

Saa ya kiapo ilipofika, Zablon alipiga simu kutoka ufukweni na kuinua simu yake juu ili Mellen asikie. Mellen alikimbilia nyuma ya ghala, akaziba sikio moja kwa kiganja chenye mafuta. Alisikia upepo. Akasikia kitu kama makofi. Kisha sauti ya Zablon: "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema, akarudi kupakua.

Zablon aliporudi alisimulia kwamba huko chakula kililetwa katikati ya sahani kubwa, kidogo sana, kama kitu kilichopotea njia. Mellen alimfanya arudie kisa hicho mara nyingi, akiuliza jinsi Liz alivyovaa, alivyocheka, kama ni mrefu, kama alimshika Cliff mkono bila kuambiwa.

Hakuna aliyechanga ambaye hakula. Kwa ajili ya hilo Mellen hakuona wala kusikia mwanawe wa pekee akila kiapo, na hadi ninapoandika haya hajakutana na mkwe wake uso kwa uso.