Damu Chooni, Supavaiza Mlangoni

Kitasa cha mlango wa choo kilinibaki mkononi. Mlango ukagoma kufunguka. Flashi nayo, asubuhi hiyohiyo, ikakataa kuvuta maji.

Na mle chooni kulikuwa na damu. Yangu.

Jameni! Nikavuta flashi tena, wapi.

Naitwa Alfred, mlinzi hapa Dubai. Tunaishi sita kwenye fleti moja Al Nahda, choo kimoja. Hiyo damu ilianza kitambo, nikajiambia ni bawasiri, itapita. Hospitali niliiogopa kama ukoma, maana wenzangu walisema mgonjwa hukatiwa viza na kupandishwa ndege.

"We Alfred! Unazaa huko?"

Ni Umaru, Mganda, supavaiza wetu tunayeishi naye. Mtu ambaye sikutaka ajue kabisa.

"Kitasa kimevunjika!"

"Tulia ssebo, bwana wangu, namwita fundi apande na drili."

Nikatafuta ndoo nimwage maji, hakuna. Dirisha? Ghorofa ya tisa, na tundu lenyewe paka hapiti. Nikakaa sakafuni nikalia, mwanaume mzima.

"Alfred, unalia?"

"Kaka, kuna damu huku. Ni yangu. Usiniripoti, nakuomba."

Kisha nikasikia mgongo wake ukiteleza kwenye mlango, naye akakaa chini.

"Banange, jamani," akanong'ona. "Hata mimi. Tangu Ramadhani. Niliogopa nyinyi ndio mtanisema ofisini."

Fundi alipofungua mlango, tukaenda kliniki pamoja. Daktari Ghania akatuuliza tunakula nini.

"Soseji," nikajibu, tena kwa majivuno. Nililelewa kwa sukuma wiki na maharagwe, nikaapa nikifika Dubai ni nyama tu. Status yangu ya WhatsApp ilikuwa soseji na nyama ya kuchoma, ili kijiji kijue nimeomoka. Umaru alikuwa mshirika wangu wa kikaango.

"Khalas, acheni soseji za kila siku," daktari akasema. "Nyama za viwandani, na nyama nyekundu ikizidi, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Maharagwe, mboga na nafaka zisizokobolewa huipunguza. Lakini kwa chakula peke yake siwezi kujua mna nini. Lazima tuangalie ndani."

Wakaangalia. Mimi, bawasiri kweli. Umaru, saratani, ila ilikuwa bado changa. Wakampasua, wakaitoa. Hakuna aliyemkatia viza.

Kumbe wawili tulikuwa tunaficha siri moja kwenye choo kimoja, kila mmoja akimkimbia mwenzake. Bila kile kitasa kibovu, leo ningekuwa nasimulia habari za marehemu.

Juzi, daktari alipomruhusu kula kawaida, nilimpikia maharagwe na sukuma, nikaweka picha kwenye status. Mama akapiga simu mbio.

"Alfred mwanangu, wamekufuta kazi?"

"Hapana mama. Nimeacha ushamba."

Ndugu yangu uliye ughaibuni, usiliponze tumbo lako ili status ishibe. Na ukiona damu, usijifungie nayo. Gonga mlango upige kelele. Huenda aliye nje anaogopa kuliko wewe.