Waya Uliokatwa Nyuma ya Ukuta wa Kiwanda cha Kufua

Mashine ya kufulia ilimrusha Bi Kicheko hadi kwenye rundo la taulo, na lawama zote zikaniangukia mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi umeme. Kiwanda chetu kilifua mashuka ya mahoteli.

Bi Kicheko ndiye mfuaji wetu mkongwe. Aligusa mlango wa mashine kwa mkono uliolowa, shoti ikambeba. Alipozinduka, mkono wa kulia haukuwa na nguvu, akasema amemwona marehemu mumewe na bado hajanyoa ndevu.

Tulicheka huku tukimwinua.

Meneja akaniita. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama wa watu nusura afe. Kesho saa sita mchana nataka sababu. Ukikosa, kazi huna."

Nikapima mashine na nyaya zote za ndani. Shwari, isipokuwa umeme kidogo unaovuja, ambao haukupaswa kumfikia mtu. Wenzangu wakanipa jina jipya, Fundi Kaburi, na mpika chai akajifanya hanioni.

Asubuhi ikabidi niende nyuma ya ukuta, kwenye majani na harufu ya mikojo. Huko ndiko unakopita waya wa ethi, shaba nene inayopeleka umeme uliovuja ardhini ili usimpige mtu.

Waya haupo. Umekatwa kwa msumeno, na kipande kilichobaki kimepakwa tope kisionekane. Mwizi nadhifu kweli.

Nikatoka mbio hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Shaba yangu hiyo hapo, ina alama ya rangi ya kucha ya mke wangu, maana nyaya zangu zote naziwekea alama hiyo.

Nikamuuliza nani kaileta.

"Si shemeji yako? Wiki tatu sasa. Kasema umemtuma."

Kaka wa mke wangu! Na ni mimi niliyejigamba kwake, tukila mezani kwangu, jinsi shaba ile ilivyo nene na mahali inapopita. Mdomo wangu huu.

Nikampigia mke wangu. Akaniambia nimtaje kaka yake, maana Bi Kicheko naye ana ndugu.

Saa sita kamili nikamtaja kwa meneja. Nikajiona shujaa kabisa, nasubiri kuombwa radhi.

Meneja akafungua daftari la ukaguzi.

"Waya umeuzwa wiki tatu zilizopita. Jumatatu hii umesaini kwamba umeuona, uko salama. Uliuona wapi?"

Miaka minne nilisaini kila Jumatatu bila kukanyaga kule nyuma.

Shemeji yuko mahabusu. Mimi niko nyumbani, sina kazi, na nimestahili.

Jana nilikwenda kumwomba Bi Kicheko msamaha. Alinikaribisha kiti, akasema chai nimimine mwenyewe, kikombe bado kinamshinda.

Nilimimina nikilia.

Ndugu zangu, mwizi alikata waya mara moja. Anayesaini asichokiona anamfichia mwizi kila wiki.