Siku Tuliyokataa Kuwa Wageni

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ustawi wa jamii ya Campbelltown, kusini-magharibi mwa Sydney, sikupewa hata kiti. Kiongozi wa timu, mama wa Kiaustralia mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alinikabidhi funguo za gari. "Kazi yetu haiko humu ndani," alisema. "Twende."

Tulikwenda Macquarie Fields kwa Mama Neema, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akilea watoto watatu peke yake. Shule ilikuwa imetoa taarifa kwamba watoto wanafika wamechoka na hawasemi kitu. Ikitokea hivyo hufanywa tathmini ya usalama, yaani kupima kama mtoto yuko salama pale alipo, na huwezi kuifanya bila kumwona mtoto mwenyewe nyumbani kwake. Wenzetu walikuwa wameshakwenda mara mbili, kwa miadi. Kila mara walikuta nyumba inang'aa, chai mezani, mama kavaa kitenge kipya, na mtoto hata mmoja hayupo. Meneja wa eneo akaamua kwamba tusipowaona safari hii, jambo liende mahakamani. Watoto wangeweza kuchukuliwa.

Safari hii pia nyumba iling'aa.

"Batoto beko kwa jirani, mama, banacheza," alisema Mama Neema huku akimimina chai, nami nikamtafsiria kiongozi wangu.

Afisa mwingine angeondoka pale pale. Kiongozi wetu alinigeukia mimi, mgeni wa kazi. "Wewe umekulia Tanga. Mgeni akija kwenu, watoto mlikuwa wapi?"

"Nje," nikamjibu. "Ukikaa kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, utakiona cha mtema kuni."

"Basi shida ni hili sofa. Tukikaa hapa, sisi ni wageni." Akainuka, akavua koti, akaenda jikoni na kuanza kumenya vitunguu. Nami nikashika sufuria ya maharage.

"Ee Mungu wangu! Mukubwa wa serikali anamenya kitunguu?" Mama Neema alicheka mpaka akashika ukuta.

Haukupita muda mlango wa nyuma ukafunguliwa. "Mama, niko na njala!" Wakaingia wote watatu, wazima, wenye afya. Tukala pamoja, na binti mkubwa akatueleza kuwa mama yao huenda kufanya usafi hospitalini alfajiri, kwa hiyo wao huamshwa mapema mno wapelekwe kwa jirani. Na Kiingereza kilikuwa bado hakijawakaa. Tuliwatafutia mwalimu wa lugha, na mwajiri akambadilishia mama zamu.

Nilipomweleza habari ya mahakama, Mama Neema alikaa chini. "Kumbe mulikuwa munatafuta batoto? Mimi nilibatosha inje juu ya heshima yenu!"

Baadaye nilihamishiwa upande wa Blacktown, nikawa kiongozi wa timu na mimi, nikaingia nyumba za watu wa kila aina. Mabosi nimewapata wengi, wasomi kweli kweli. Lakini yule kiongozi wangu wa kwanza hana mfano. Alikuwa na madaraka ya kuvunja nyumba ya mtu, akachagua kuuliza kwanza. Nampenda kwa hilo hadi leo.

Sasa nimestaafu. Juzi nilimtembelea Mama Neema, nimevaa vizuri, nikaelekea sebuleni.

"Unaenda wapi? Kule ni kwa bageni." Akanishikisha kisu.

Nikamenya vitunguu, wajukuu zake wakipita katikati ya miguu yetu, na hakuna aliyewafukuza.