Mzizi wa Mchai Nilioung'oa Bila Kuomba

Mwalimu wetu wa biolojia alisema mizizi ya mchai ina viini vinavyoweza kupambana na vijidudu. Lakini sisi wa Rumonge, kando ya ziwa, tunajua mawese na ndagala tu, dagaa wetu, nani angemletea mzizi? Mimi, nisiyesema kitu darasani, nikanyoosha mkono. Shangazi yangu analima chai mlimani.

Jumamosi asubuhi nilipanda taksi. Ziwa likabaki chini, tukapita Bugarama, tukazidi kupanda mpaka baridi ikaniingia miguuni.

Saa sita nilifika. "Amahoro, mutoto wa kaka! Umekauka kama ndagala ya juzi!" Shangazi alicheka mwenyewe. Tulikula, tukaongea, ila neno mzizi lilinishinda. Niliona haya kuomba.

Alasiri alienda kuteka maji. Nikatembea shambani. Kwenye mpaka na jirani yake, Odeta, kulikuwa na michai iliyokatwa, vijiti vitupu bila jani. Hii imekufa, nikasema moyoni. Nikachimba mmoja, mzizi nikauficha kwenye begi.

Jumapili, tukitoka misa, shangazi aliliona shimo.

"Mchai wangu! Nimeupogoa juzi tu, ungechipua!"

Kumbe mchai hukatwa hivyo upumzike, uhai wake unabaki mzizini. Mutu wa ziwani ningejuaje? Ningeuliza.

Shangazi akamwita jirani. "Odeta, unasogeza mpaka!"

"Mimi? Miaka yote tunachuma pamoja, leo niko mwizi?"

"Basi mchai umejing'oa wenyewe, umeenda sokoni?"

Nilikuwa katikati yao. Nikaanza kulifukia shimo kwa mguu.

Kabla ya kuondoka niliingia jikoni kuaga. Shangazi alikuwa anapikia kuni za visiki vya michai mizee, mizizi yake ikiwa bado imeshikamana. Rundo zima lilikuwa nyuma ya nyumba. Akanifungia maharage. "Murakoze," nikasema, nikashuka kwetu.

Jumatatu mwalimu alichemsha mzizi, akatikisa maji yake kwenye chupa. Povu likasimama kama la sabuni. "Saponini hiyo, ndiyo inayopambana na vijidudu!" Wenzangu wakanipigia makofi. Nikatazama viatu.

Nimejifunza kwamba kuomba kungenigharimu neno moja. Sasa nadaiwa maneno mengi.

Jana nilimpigia shangazi niyaseme. Akanitangulia: "Odeta ameweka miiba mpakani. Hatusalimiani tena. Na wewe, shule iko aje?"

"Iko muzuri, shangazi," nikasema. "Pole."