Mtu wa Tatu kwenye Laini ya Iringa

Cheka ukipenda, lakini masikio yaliyosikia ni haya yangu. Miaka ya sabini nilikuwa opereta wa simu Mbeya. Niliunganisha watu, na nilitakiwa pia kuwanasa wadukuzi. Mtu wa tatu akijiunga kwenye waya, sauti huzama kidogo, kama msemaji amefunikwa blanketi.

Masika moja, laini ya Iringa ilianza kuzama kila jioni. Bosi akasema ni jasusi, apatikane.

Fundi wetu, Kaka Sanga, akatumwa Chimala, kwenye njia ya Iringa. Alipanda nguzo moja baada ya nyingine na simu yake ya kupimia, ananiita, nasikiliza. Safi. Safi tena. Hadi tukafika nguzo moja: upande wa Iringa laini safi, upande wa Mbeya inazama. Kumbe jasusi anaingilia pale pale!

"Dada, hapa hakuna waya wa mtu," akasema. "Ni pale lilipopinduka lile basi la Iringa."

Ndani ya basi lile alikufa Tusekile, opereta mwenzetu wa Iringa, akija Ilomba, mtaa wa hapa Mbeya, kumwona mama yake mgonjwa.

Nikauliza, "Nani yuko kwenye laini?"

"Ni mimi, dada," ikajibu sauti ya Tusekile. "Basi limechelewa. Mwambie mama niko njiani."

Wewe ungefanyaje? Ungekata? Mimi nilishindwa. Jioni iliyofuata nikamleta mama yake, aliyepona ugonjwa akabaki na msiba. Nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamvalisha hedifoni, nami nikasikiliza kwa ya pili. Bosi alisimama mlangoni.

"Mama, nisamehe, nimechelewa. Nakuja," Tusekile akasema.

Yule mama akafuta machozi, akasema kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anambembeleza mtoto: "Mwanangu, nilishapona. Usihangaike tena na safari. Tulishakupokea. Lala."

Sauti ikapanda. Laini ikawa safi kabisa.

"Amekata?" akaniuliza.

"Amekata, mama."

"Basi mpigie."

Ningempigia wapi?

Mpaka anafariki, mama yule alikuwa akija jioni kukaa kwenye benchi letu, na hakuna aliyemfukuza. Mimi kazi ile niliiacha. Hata leo siwezi kuwa wa kwanza kukata simu. Watoto wangu wanadhani ni uzee.

Nawe ukimsikia mtu anapumua tu kwenye simu yako, hasemi, usimtukane. Muulize kwanza anakwenda kwa nani.