Upepo wa Karavani ya Mpima Barabara

Siku yangu ya kwanza karakana pale Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Formeni alinipa geji ya kupima upepo na kunikataza kugusa spana mpaka nijue kuinama. Nilidhani ananitania. Kumbe alitaka nitazame kwanza jinsi tairi lilivyokaa. Lenye upepo wa kutosha husimama vizuri. Lililoelemewa hufutuka ubavuni, pale linapogusa ardhi.

Kampuni yetu ilijenga barabara, na mainjinia walilala katika karavani, nyumba ndogo za bati zinazokokotwa na gari. Ninyi vijana mnafunga tairi lolote linaloingia kwenye rimu. Sisi hatukuthubutu. Tairi la gari dogo lina ubavu laini mno kwa karavani. Tulichagua lenye nyuzi nyingi ndani, na namba ya uzito iliyochapwa ubavuni ilipaswa kuzidi mzigo wa upande ule, vitanda na vyombo vikiwemo. Upepo ulijazwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukipunja, tairi huchemka njiani na kupasuka. Ukizidisha, karavani hurukaruka na kuvunja vikombe vya Injinia, na matusi utayala wewe.

Baadaye nilihamishiwa kambi ya Ahero, chini ya Msimamizi wa Kambi, mtu wa Nyeri asiyependa maneno mengi. Huko, wakati wa mafuriko, Mpima Barabara alifariki kwa malaria kitandani mwa karavani yake. Alikuwa kijana mpole kutoka Nyakach. Mwili ulipelekwa mochari Kisumu, na jamaa zake wakauchukua huko huko wakauzika. Maji yalipopungua, Msimamizi akaamuru karavani ipelekwe Maseno. Dereva alikuwa Odongo, mume wa dada yangu.

Tulitoa kila kitu ndani, hata godoro. Nikainama. Tairi la kulia lilikaa sawasawa. La kushoto, upande wa kitanda, lilikuwa limefutuka kana kwamba kuna mtu amelala juu yake. Geji ilisoma sawa pande zote mbili. Nikapaka maji ya sabuni kutafuta tundu, hakuna povu. Nikapiga jeki, nikabadilisha matairi, la kulia likaenda kushoto. Nilipoteremsha jeki, lile zima nalo likafutuka polepole mbele ya macho yangu, na springi ikalia.

"Hiyo ni springi imechoka," Msimamizi akasema. Akapanda ndani kuhakikisha. Alipotoka alifunga mlango taratibu sana, asitoe kishindo.

"Hakuna kitu huko," akasema, lakini hakuniangalia.

"Mzee, hii kitu haiwezi panda mlima ya Maseno hivi," nikamwambia. "Tairi itapasuka, ivute Odongo bondeni. Dada yangu ako na mtoto mchanga."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Huyu kijana hawajamwita. Walichukua mwili mochari, lakini hapa penye alikufia hakuna mtu wa kwao amekuja kumwambia twende nyumbani. Kwetu hiyo ni lazima."

Mambo ya kwetu hayakumhusu. Hata hivyo alimtuma Odongo na pikapu Nyakach akamlete mama wa marehemu.

Walifika mchana, jua likiwaka. Alikuwa mwanamke mwembamba, na hakulia. Aligonga mlango kwanza, kama unavyogonga kwa mtu mzima.

"Nyathina," akaita, yaani mwanangu. "Wadhi dala. Twende nyumbani, watu wanakungoja."

Alifungua, akanyoosha mkono ndani, akaurudisha umefumbwa, akaanza kutembea kuelekea pikapu, hatua fupi fupi za mtu anayemwongoza mgonjwa. Springi ikalia tena. Sikutaka kutazama, lakini ndiyo kazi yangu. Tairi la kushoto lilikuwa limenyooka. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Odongo mpaka machozi yakanitoka.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama geji za siku hizi si bora kuliko macho yangu, nami huwajibu kwamba ni bora sana. Huwa siendelei, maana ningeendelea ningewaeleza jinsi yule mama alivyokaa nyuma ya pikapu akaacha nafasi kando yake, na jinsi mama huyo, Odongo alipowasha injini, alivyoniita akanionyesha tairi la upande wa nafasi ile.

"Baba," akasema, "ongeza hii upepo kidogo. Tuko wawili."

Nikaongeza.