Maneno Aliyoyasema Hatta

Rafiki yangu alikuwa mwigizaji Korea, na kazi yake kubwa ilikuwa kuuawa. Kabla ya hapo tulilala chumba kimoja Al Quoz, Dubai, miaka mitatu, yeye mlinzi wa ghala, mimi dereva wa basi la vibarua, wote watoto wa Tanga. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma Seoul nilimwambia anaota. Masomo yalimshinda kweli, lakini sura yake ikapata ajira: tamthilia ya kule ikihitaji jambazi mgeni, anaitwa yeye, na haifiki sehemu ya tatu ameshapigwa risasi. Nikimpigia simu nilikuwa namwamkia, "Marehemu, umeamkaje?" naye anacheka mpaka anakohoa.

Mwaka aliokuja Dubai na kundi la kupiga picha, hakucheka. Walifikia hoteli moja ya Al Garhoud, na kwa kuwa kampuni yetu ndiyo iliyokodiwa, niliomba niwaendeshe mimi hadi milima ya Hatta. Alikaa kiti cha mbele. Nikamwita Marehemu, kama kawaida.

"Usiniite hivyo, kaka," akasema. "Mama amefariki."

Ilikuwa imepita miezi minne. Alikuwa katikati ya mkataba; angeondoka, nafasi yake ingepewa mwingine siku ileile. Hakwenda kuzika. Tangu hapo dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye, hapokei simu yake. Sitaficha, nilikasirika. Mama yule alikuwa akinitumia visheti kila alipompata msafiri wa kuja huku, kana kwamba na mimi alinizaa. Nani kama mama?

"Tamthilia ndiyo iliyokuzuia kumzika?" nikamuuliza.

Akageukia dirisha, nami nikaongeza mwendo hadi Hatta.

Siku ile alikuwa mkuu wa majambazi walioteka watalii. Mwongozaji, kupitia kwa mkalimani, alimwambia kile wanachoambiwa wageni wengi kwenye kazi ile: maneno yako hayajaandikwa, sema lugha ya kwenu, sema lolote, mradi uwe na hasira. Maandishi ya chini tutaweka wenyewe.

Akainua bunduki ya bandia, akawafokea mateka, mishipa ya shingo imemtoka:

"Mama, nisamehe! Nilichagua kazi! Sikulishika jeneza lako, sikukutilia hata udongo! Dada, nipokelee simu, sina mtu mwingine!"

Mateka wakatetemeka kama walivyofundishwa. Mwongozaji akafurahi, akaamuru irudiwe. Wingu likapita, ikarudiwa. Mbuzi akajitokeza nyuma ya jiwe, ikarudiwa. Mara saba. Mara ya tano sauti ilishapasuka na machozi yanamtiririka, na mwongozaji akapiga makofi. Mahali pale pote aliyejua Kiswahili nilikuwa mimi peke yangu. Nilishika mlango wa basi na hasira yangu yote ikaniishia.

Mkalimani akanijia na daftari. "Anasema nini?"

"Anawatisha," nikamjibu. "Anasema atawaua."

Akaandika.

Tulipokuwa tunarudi rafiki yangu aliniambia, kwa sauti iliyokauka, "Khalas, kaka, yamekwisha. Dada hakosi tamthilia ya Kikorea hata moja. Atanisikia tu."

Nikamwambia inshallah.

Mwaka uliofuata tamthilia ikafika Tanga, kwenye diski za mitaani, imetiwa Kiswahili kama watu wa kwetu wanavyopenda: mtu mmoja anawasemea wahusika wote, na mizaha juu. Nilingoja wiki mbili. Rafiki yangu akaniambia simu bado haipokelewi. Basi nikampigia dada mwenyewe.

"Nimemwona," akasema, baridi. "Amenenepa."

"Na pale mlimani, umemsikia?"

"Si anawaambia wale matajiri watoe simu zao na viatu? Tulicheka sana hapa."

Nilikuwa nimeegesha basi nje ya ghala, nikisubiri vibarua. Kiswahili cha mfasiri kilikuwa kimekifunika cha rafiki yangu, na yale maneno yalikuwa yamebaki kwangu tu. Nikamwambia, dada, sivyo alivyosema, mimi nilikuwepo. Nikamweleza yote nilivyoyasikia, neno kwa neno, bila kufoka. Nikafika kwenye udongo, nikaendelea mpaka mwisho.

"Rudia," akasema.